Benchi la Nyuma la Mwinjilisti Eliamini

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, Moshono, Kikatiti, na ninyi mlioko shambani na redio mmeitundika kwenye mti wa kahawa. Leo tunamkumbuka Mwinjilisti Eliamini Akyoo, aliyezikwa Alhamisi nyumbani kwake, juu ya Nkoaranga. Mwinjilisti Eliamini. Miaka ishirini na miwili aliongoza mtaa mmoja wa Kilutheri kule mlimani.

Tusimpambe marehemu kwa uongo. Eliamini alikuwa na hasira za karibu. Mkewe, Mama Aika, anasema mwenyewe: "Nilimpenda hivyo hivyo, ila nilikuwa nasali sana."

Basi sikilizeni. Ulikuwa mwaka tisini na moja. Biashara zimefunguliwa, maduka ya Arusha yamejaa vitu, na vijana wa kwaya wamepata gitaa la umeme na spika kubwa. Wazee hawakutaka hata kuiona spika ile. Vijana nao walisema wakinyimwa, watahamia kwenye mikutano ya walokole ya mahemani huko mjini. Eliamini akawa katikati, kila upande unamvuta. Akaamua: spika ipigwe, lakini wakati wa maombi izimwe.

Jumapili moja alikuwa anamwombea mgonjwa, spika ikanguruma. Kumbe waya ulikuwa umelegea tu. Eliamini hakungoja kuuliza. Alishuka madhabahuni akamzaba kofi mwalimu wa kwaya, Lerionka. Kofi, wapendwa. Kanisani, mbele ya mke wa Lerionka na watoto wake wawili. Lerionka akaokota kitabu chake cha nyimbo, akatoka nje.

Sasa, katika mtaa ule, mshiriki akikosa hadharani huwekwa chini ya marudi. Miezi mitatu anakaa benchi la nyuma, hashiriki Chakula cha Bwana, kisha anatubu mbele ya watu. Na aliyekuwa akiwapeleka wenzake kwenye benchi lile ni nani? Ni Eliamini huyo huyo. Tena zilibaki wiki tano tu Askofu aje kwa kipaimara. Watoto wa kipaimara hicho Eliamini aliwafundisha miaka miwili, na mmoja wao alikuwa binti yake wa kwanza, Sia.

Wazee wa kanisa walitaka yaishe chinichini. Wakamletea na andiko, kwamba hata Yesu alipindua meza hekaluni.

Eliamini akawajibu, "Mimi sikupindua meza. Nilimpiga baba wa watu mbele ya watoto wake."

Alikwenda kwa Lerionka kuomba radhi. Lerionka alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani. Jumapili iliyofuata Mwinjilisti aliingia kanisani bila joho, akakaa benchi la nyuma.

Siku ya kipaimara ikafika. Mwinjilisti wa mtaa wa jirani ndiye aliyewaongoza watoto mbele ya Askofu. Sia anakumbuka: "Nilimkasirikia baba. Niliona kanitia aibu siku yangu. Nikageuka nimtazame, nikamkuta Mwalimu Lerionka amekaa naye, benchi moja."

Lerionka alikaa pale mpaka ibada ikaisha.

Msidhani hasira zilimhama Eliamini. Zilibaki, ila alizitafutia kazi. Zikipanda, anachukua mundu, anakwenda kukata majani ya ng'ombe, na jibu lako utalipata akirudi. Watu wa kule walitania kwamba ng'ombe wa Mwinjilisti walinenepeshwa na vikao vya baraza la wazee. Mama Aika anasema akimwona na mundu saa saba ya jua kali, alikuwa haulizi, anaweka chai jikoni. Kofi la pili hakuna aliyewahi kulisikia.

Alhamisi, kwenye ibada ya mazishi, viti vya mbele viliandaliwa kwa wafiwa. Mama Aika alivipita. Alimwamkia mchungaji, akarudi nyuma kabisa, akakaa kwenye benchi lile. Sia akakaa kushoto kwake. Kulia akakaa Lerionka. Viti vya mbele vikabaki vitupu, na hakuna mzee aliyethubutu kuwahamisha.

Mama Aika, Sia na jamaa wote, poleni sana. Tumelia nanyi, na Mungu awashike mkono.

Nawe msikilizaji unayeongoza watu, kanisani, kazini au nyumbani kwako, jiulize kabla hujalala. Benchi la nyuma umewapeleka wangapi? Na wewe ulikaa lini?