Valvu ya Moshi Huko Ukweni

OPERETA: Kasulu, Kasulu, simu yako kutoka Busunzu, ofisi ya ushirika. Muda ni mfupi, laini moja na watu wengi. Haya, ongeeni.

ILDEFONSI: Haloo! Gereji hapa! Nani huyo?

MAKARIUS: Mimi, mzee Ildefonsi! Makarius! Mwakeye, mzee.

ILDEFONSI: Mwakeye, mwanangu. Uko wapi na wewe? Si uliniaga kwamba Jumamosi jioni umerudi na mke na mtoto? Leo Jumanne!

MAKARIUS: Niko huku huku ukweni. Nimekwama, mzee. Siku ya nne leo. Nalala garini.

ILDEFONSI: Garini?

MAKARIUS: Sasa nilale wapi? Nyumbani kwa mama mkwe? Chakula naletewa nyuma ya migomba, nakula nimewapa mgongo kama mwizi wa kuku. Shingo imekakamaa, siwezi hata—

ILDEFONSI: Gari lina nini? Ongea kwa sauti, laini inakwaruza!

MAKARIUS: Ile valvu! Valvu ya kurudisha moshi, uliyosema niisafishe likianza kuishiwa nguvu!

ILDEFONSI: Ndiyo. Nati mbili, kwangua masizi kwa waya, petroli kidogo kwenye chuma, basi. Kile kichwa cha juu chenye mpira ndani kisionje maji. Nilikwambia mara mbili.

MAKARIUS: Nilifanya hivyo hivyo. Masizi yalijaa kama ukoko wa ugali, nikakwangua yote. Nikaiweka juu ya jiwe ikauke, nikaenda mtoni kunawa. Narudi, nakuta mama mkwe kaichukua.

ILDEFONSI: Kaipeleka wapi?

MAKARIUS: Jikoni. Kaona chombo cha mkwe wake kichafu, akanihurumia. Kaisugua kwa majivu. Halafu kaitumbukiza kwenye chungu cha maji yanayochemka.

ILDEFONSI: Weee! Na wewe umesimama unaangalia?

MAKARIUS: Ningefanyaje, mzee? Mama mkwe yule! Nimwite? Nimfuate jikoni? Mke wangu Vestina alikuwa kisimani. Nilikohoa nyuma ya ua mpaka koo likaniwasha.

ILDEFONSI: [anacheka] Ulikohoa—

MAKARIUS: Usicheke, mzee.

ILDEFONSI: Sicheki. [anacheka] Haya, yamekwisha. Mpira umepasuka?

MAKARIUS: Umelainika, ukachanika. Sasa valvu imeachama tu, haifungi. Nikiwasha, moshi mweusi unafunika ua mzima. Nikigusa mlima, linazimika. Jumapili tulifika kwenye kona ya kwanza tu, tukarudi kinyumenyume kijiji kizima kikitazama.

ILDEFONSI: Basi iache hiyo valvu, imekufa. Ziba. Unaweka bati kati ya valvu na bomba, unafunga nati zako, moshi hauna pa kupita. Ule mpira mwembamba wa upepo unauchomeka kijiti. Gari litapanda mlima, utashangaa.

MAKARIUS: Niliziba. Nilikata debe la mafuta, yale ya msaada wa wakimbizi, kila nyumba huku inayo.

ILDEFONSI: Debe! Ule si moshi wa sigara, Makarius. Debe litaungua kabla—

MAKARIUS: Liliungua. Moshi ukaingia mpaka ndani, mtoto akakohoa, Vestina akateremka analia. Na baba yake kasimama pale pale, mikono nyuma. Mzee, heri angenitukana.

ILDEFONSI: Mh. Kwani mkweo, mzee Ndayiragije, bado hajakubali?

MAKARIUS: Anasema binti yake hawezi kulea mtoto na mwanamume anayeishi barabarani. Miezi minne tangu ajifungue huku kwao, kila nikija kuna sababu. Mara mtoto ana mafua, mara mvua. Jumamosi wazee wakakaa, wakamlainisha. Akasema haya, gari likiwaka tukapanda mlima, nimchukue. Likishindwa, anabaki mpaka mavuno. Mpaka mavuno, mzee! Mtoto ataota meno hanijui!

ILDEFONSI: Malori je? Si yanapita hapo kila siku kwenda makambini?

MAKARIUS: Hayapakii raia. Na hata yangepakia, nimpandishe mke wangu juu ya magunia ya mahindi, baba yake anatazama? [mikwaruzo] —haloo?

ILDEFONSI: Nipo, nipo.

MAKARIUS: Sasa sikiliza, nimekupigia kwa jambo moja. Mambo yamenyooka. Nimepata chuma kizito cha kuzibia. Mhunzi wa hapa ameshanikatia, ninacho mkononi. Nataka vipimo vya matundu tu, halafu naondoka na familia yangu.

ILDEFONSI: Ahaa! Ungeanza na hilo! Unene wake?

MAKARIUS: Kama shilingi mbili zimepangwa.

ILDEFONSI: Safi kabisa. Chukua ile gasketi ya zamani, iweke juu ya chuma, fuata matundu yake mawili ya pembeni. La katikati usilitoboe, hilo ndilo tunaloliziba. Mwambie mhunzi achome msumari mpaka uive—

MAKARIUS: Asante, mzee, asante. Yaani nilikuwa nimekata tamaa, leo asubuhi nikasema Mungu kanisahau. Kumbe!

ILDEFONSI: Hicho chuma umekitoa wapi lakini? Huko hata kipande cha springi hakuna.

MAKARIUS: Huwezi kuamini. Baba mkwe mwenyewe.

ILDEFONSI: Ndayiragije?

MAKARIUS: Yeye! Kaniita asubuhi barazani, na wazee wawili. Ana uso mwema, mpaka nikaogopa. Kasema, "Mkwe, nimekuona unahangaika, sipendi kumzuia mtu. Gari lako linataka chuma, mimi chuma ninacho." Akaingia ndani, akatoka na jembe.

ILDEFONSI: Jembe gani?

MAKARIUS: Jembe tu. La zamani lakini halijalima. Lina kutu kidogo, limefungwa kwenye majani makavu ya mgomba.

ILDEFONSI: Halijalima.

MAKARIUS: Halina hata mpini.

ILDEFONSI: Makarius. Karibu na pale linapoingia mpini, kuna msalaba umechorwa? Mdogo, umepinda?

MAKARIUS: Upo. Umejuaje? Haloo? Mzee? Imekatika—

ILDEFONSI: Niliuchora mimi. Kwa patasi, hapa gerejini. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wako, umesahau? Lile ndilo jembe nililolipeleka kwa mkono wangu siku tunamwombea Vestina. Ng'ombe walikuja baadaye. Jembe ndilo lililofunga.

MAKARIUS: Basi... basi si ndiyo kanipa la kwetu wenyewe? Kwa upendo—

ILDEFONSI: Upendo gani! Hilo jembe halitoki ndani ya ile nyumba ila kwa jambo moja tu. Baba wa mke akilirudisha mbele ya mashahidi, na mume akilipokea, ndoa imekwisha. Kamrudishia mwenyewe mali yake, yeye kabaki na binti yake. Hukuambiwa haya na mtu yeyote?

MAKARIUS: Nani aniambie? Mimi nimekulia Ujiji, mzee! Kwa mjomba! Mambo ya majembe ningeyajulia wapi? Wewe ndiye uliyesema nikae kimya nyuma, utanisemea kila kitu!

ILDEFONSI: Nilisema. Kweli nilisema, Mungu anisamehe. Ulilipokeaje?

MAKARIUS: Kwa mikono miwili.

ILDEFONSI: Ukasema nini?

MAKARIUS: Nikashukuru. Nikapiga goti. Wale wazee wakapiga makofi, nikaona wamefurahi.

ILDEFONSI: Yarabi toba.

MAKARIUS: Nitalirudisha! Nakimbia sasa hivi, namwambia sikujua—

ILDEFONSI: Unamrudishia nini? Umeshalikata!

MAKARIUS: Lina joto bado. Nimelishika hapa.

ILDEFONSI: Na Vestina? Vestina alikuwepo?

MAKARIUS: Alikuwa mlangoni na mtoto. Nilipolipokea akajifunika kitenge usoni. Nikamwambia asilie, leo tunaondoka. Akaniuliza, "Makarius, unajua unachofanya?"

ILDEFONSI: Ukamjibu?

MAKARIUS: Nikamwambia najua, nimefundishwa na fundi.

OPERETA: Busunzu, malizieni. Namkatia Kasulu.

ILDEFONSI: Dada, subiri! Dakika moja, kuna nyumba inavunjika hapa! Makarius, nisikilize. Hilo bati usilifunge. Usilifunge! Alikupa ili uende zako. Ukiwasha ukapanda ule mlima, umekubali, umeondoka peke yako. Maadamu gari limekufa pale uani, wewe bado mkwe wao, hakuna wa kukufukuza. Alhamisi kuna gari la mnada, nakuja mwenyewe. Mimi ndiye niliyelipeleka, mimi ndiye wa kulizungumza.

MAKARIUS: Alhamisi? Mzee, kutoka leo mpaka Alhamisi nikae wapi? Nile nini? Niwatazameje?

ILDEFONSI: Garini! Lala humo, shinda na njaa, washike miguu wale wazee, ila usi—

OPERETA: Muda umekwisha.

MAKARIUS: Mzee, wameshaleta watu wa kusukuma. Nawaona kwa dirisha hili, wamekaa wote barazani, na mama mkwe katoka, hajifichi tena, wananisubiri mimi niwashe. Mzee? Mzee Ildefonsi?