Mluzi katika Chumba cha Kimya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Kamene mkurugenzi wa maabara yetu, Mama Quincy uliyetuazima mumeo kwa miaka ishirini na sita, ndugu wageni waalikwa mliofika Loresho na mvua hii: hamjambo?

Nimeombwa nimsifu Mzee Zedekiah Oduor, mtunza wanyama wetu, anayestaafu leo. Nitamsifu, lakini kwanza nimshtaki.

Tunafuga oposamu hapa, jamaa wadogo wa kangaruu. Mtoto wao huzaliwa akiwa kama punje ya mchele, masikio yameziba, ubongo haujajenga bado njia ya kusikia. Huijenga akiwa ameng'ang'ania titi la mama, na yapata wiki ya nne ndipo sauti ya kwanza hupenya. Swali langu la shahada ya uzamifu lilikuwa hili: je, ubongo huo hujijenga wenyewe, au hungoja kuchokozwa na sauti? Basi nikawalea watoto kumi na wanane katika chumba kilichozungushiwa sponji, ambamo hata kukohoa kulikatazwa.

Wiki saba baadaye napima, nakuta bongo nilizotarajia zizubae zinaitikia sauti za mluzi kama kwaya iliyofanya mazoezi. Nikaacha kinasa sauti mle ndani. Mnajua kilinasa nini? Saa kumi na mbili na robo asubuhi: "Hamjambo, watoto? Mmeamkaje? Mama yenu amewanyonyesha?" Kisha mluzi wa wimbo wa kanisani, beti zote nne!

Nilipomuuliza, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. "Sasa Nyawira, mtu aingie kwa nyumba ya wenyewe, akute watoto, anyamaze tu kama mwizi?"

Mzee, nilikasirika, nikalalamika, ukapewa barua ya onyo. Tangu siku hiyo unaingia mle kama mtu anayeogopa kupumua, na hata sisi wenye masikio mazima ukatunyima mluzi wako. Najua unaondoka ukiamini kwamba umeniharibia masomo.

Lakini siku ya kwanza uliniuliza sponji ni ya nini. Nami, msomi wenu huyu, nilijibuje? "Fuata maagizo tu, Mzee." Dakika moja ya kueleza ingetosha. Sikuitoa.

Daktari Kamene, Jumanne kamati yako itaamua kama nitaongezewa mwaka wa kurudia kazi, na ninayosema hapa huenda yasinisaidie. Hata hivyo nimeandika kwamba kosa lilikuwa langu, nikatia sahihi, na karatasi iko mezani pako. Naomba ile barua itolewe kwenye faili la Mzee kabla keki haijakatwa. Ofisi yako haiko mbali, sisi tutangoja.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.