Lenzi ya Haji Miloud

Benchi letu liko nje ya studio yangu ya picha, hapa Oujda, Moroko, karibu na mpaka wa Algeria, na mwaka huo simu bado hazikuwa na kamera za maana. Walikuwapo Daktari, fundi wa kufufua kamera, na Redio, ambaye hajawahi kushika kamera ila kunyamaza hajui. Tulikuwa kwenye kahawa Haji Miloud alipofika na kamera aliyorudi nayo kutoka Ubelgiji, alikochimba makaa miaka thelathini. Alitaka lenzi ya kuvuta mbali, nami nilikuwa nazo mbili. Dada yake aliolewa Maghnia, ng'ambo kule Algeria, na mpaka ulishafungwa. Ijumaa dada angesimama upande ule wa bonde, yeye upande huu, wapungiane mikono kama wanavyofanya wengine.

Daktari: Chukua ya kampuni iliyotengeneza kamera. Hizo zinajuana.

Redio: Acha hizo, unalipia jina tu. Hii ya kampuni nyingine kioo ni kilekile. Wanatofautiana boksi.

Daktari: Umefungua ngapi wewe?

Redio: Shemeji yangu kafungua.

Daktari: Shemeji yako anauza vitunguu.

Redio: Na vitunguu si vina tabaka? Halafu hiyo yako nene kama mtutu. Askari wa kule wakidhani Haji analeta vita, utamzika wewe?

Daktari: Hiyo yako inasitasita kulenga. Inatafuta, inatafuta, mtu keshaenda zake.

Haji Miloud: Mimi nataka uso wake tu.

Akachukua ya kampuni nyingine, kwa sababu ni nyepesi na mikono yake inatetemeka.

Jumamosi akarudi, nikamsafishia picha, kubwa. Wanawake saba kwenye mstari, mikono juu. Imetoka safi, hata vifungo unavihesabu.

Redio: Nilisema mimi. Hii ukipanda nayo mlimani unamwona mtu Oran, ndani kabisa ya Algeria, anakoroga chai.

Daktari: Jua tu limemsaidia. Ile ya jina ungesoma hata anachowaza.

Redio: Soma basi unachowaza wewe.

Wakaendelea hivyo mpaka glasi ya pili ya kahawa. Mwalimu Zoulikha, aliyekuja kuchukua picha zake za pasipoti, akainama kuitazama.

— Dada yako ni yupi, Haji?

Haji akavaa miwani. Kidole kikapita uso wa kwanza, wa pili, kikafika mwisho, kikarudi. Alimwacha dada yake ana miaka kumi na sita, miaka arobaini nyuma, nywele mpaka kiunoni. Wote saba walikuwa wazee, wamejifunga vitambaa kichwani. Daktari akaigeuza picha kidogo, kana kwamba ingesaidia, akairudisha.

— Mpigie simu, nikasema. Muulize alivaa nini.

— Nimeongea naye jana, akasema Haji. Kaniambia alinitambua palepale, kwa ninavyosimama.

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia hata mimi.