Boti ya Kapteni na Msichana wa Kodi

Ilikuwa tarehe kumi na tano Aprili, siku ya mwisho ya kuiambia serikali ulichopata mwaka jana, na kwenye benchi letu la Mtaa wa Parade, mjini Erie, Marekani, ni mtu mmoja tu ambaye hakuwa ametuma fomu yake. Benchi hilo liko kati ya duka la donati na duka la mashine za kufulia. Mguu wake mmoja umetegemezwa kwa tofali. Jaji alikuwepo. Ni kinyozi mstaafu ambaye aliitwa mahakamani mara moja kukaa kwenye jopo la raia, kesi ya wizi wa mashine ya kuzolea theluji, na hajashuka kitini tangu siku hiyo. Greda alikuwepo, dereva wa gari la jiji la kusukuma theluji, ambaye Aprili hana kazi nyingi. Sabuni, dada wa duka la kufulia, alikuwa amesimama mlangoni akingoja mashine zake. Na katikati alikaa Kapteni, yaani Duane Wisniewski, miaka hamsini na mmoja, dereva wa folklifti, ile mashine ya kunyanyua mizigo, katika kiwanda cha plastiki. Tunamwita Kapteni kwa sababu tangu tumfahamu yuko karibu kununua boti.

Kapteni alikuwa na kompyuta mapajani. Kwenye kioo kulikuwa na msichana wa kuchorwa, macho makubwa kama visahani.

— Huyo nani? Sabuni aliuliza.

— Juniper. Ni mchezo. Unatoka naye, mnapiga stori, mwishoni fomu ya kodi inakuwa imejaa yenyewe.

— Unatongoza ili ulipe kodi?

— Wenzangu wanawalipa wahasibu. Mimi nimempeleka kula aiskrimu tu.

— Basi tuma, kaka, unywe kahawa.

— Ndipo palipo na shida, Kapteni alisema. Kila mwaka serikali inanirudishia kidogo katika kodi niliyokatwa. Mwaka huu inanidai.

Alitaja kiasi. Greda akaacha kutafuna.

— Umeua mtu?

— Siku ya kwanza tulipotoka aliniuliza kazi yangu. Nikasema folklifti. Akanyamaza. Nikaona niongezee kidogo.

— Ukaongeza nini?

— Boti.

— Ile ile ya kila mwaka, Sabuni alisema.

— Ile ile. Nikamwambia naikodisha kwa wavuvi, ziwani. Moyo mmoja ukawaka kwenye kioo. Iko mitano pale juu, unaiona? Halafu akaniuliza, kwa upole, msimu mmoja huwa inaingiza dola ngapi.

— Na wewe ukamtajia.

— Ningefanyaje? Alikuwa ananiangalia.

Jaji alishusha kikombe chake. Hushusha kikombe kabla ya hukumu.

— Kisheria, Kapteni, wewe ni mtu wa kwanza katika nchi hii kuidanganya serikali kwa kujiongezea mapato. Uongo ni uongo. Ile fomu ina kiapo chini yake. Katika kesi yangu—

— Kesi yako ilikuwa ya mashine ya theluji, Greda alisema.

— Na ilikuwa imefichwa. Yeye ameonyesha kitu ambacho hakipo. Hiyo ni kesi kubwa zaidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

— Hapa daftari lipo, Sabuni alisema. Mali ndiyo haipo.

Greda alifuta sukari kwenye ndevu. Alikuwa na lake, na alilianza kwa sauti ya chini, kama vile basi lililokuwa likipita lilikuwa la serikali.

— Nyie hamuoni mchezo wenyewe. Serikali imekaa miaka na miaka ikijiuliza: hawa wanaume, ukiwauliza wanapata nini, wanapunguza. Ni nani akiwauliza wanaongeza? Wakakaa wakafikiri. Ndipo wakaivalisha kodi gauni.

Neno hilo lilikuwa na mantiki, na hilo lilitusumbua.

— Mchezo umetengenezwa na vijana fulani tu, Kapteni alisema.

— Vijana wa nani?

— Sijui.

— Ahaa.

— Wakituletea na sisi mwanaume anayesikiliza mtu mpaka mwisho, Sabuni alisema, tutawatajia hata hela ya kwenye soksi.

— Wanakuja, Greda alisema. Wewe subiri. Na hii boti nayo, mnadhani imeisha? Boti ikishakatwa kodi, ipo. Mwezi wa sita watatuma mtu ziwani kuitazama. Watakuta maji. Watasema imeibwa. Polisi watakuja kukuuliza wewe, Kapteni, ulikuwa wapi boti yako ilipoibwa.

— Nilikuwa kazini.

— Ona anavyojibu. Tayari ana ushahidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiaje hapa? Sabuni aliuliza.

— Utaielewa baadaye.

Jaji aliinua kidole. Hakuweza kumwachia dereva wa greda mambo ya sheria.

— Kuna upande wa pili. Ukilipia kitu kodi miaka kadhaa mfululizo, na hakuna mwingine anayejitokeza kukidai, mahakama inaweza kukupa. Kinakuwa chako.

— Kitu kipi? Hakipo.

— Ndiyo maana hakuna atakayejitokeza.

Niliona kuwa kwa dakika moja Kapteni alikuwa anaifikiria boti, akichagua na rangi yake.

— Acheni kumpotosha, Sabuni alisema. Kaka Duane, si urudi nyuma umwambie boti hakuna?

— Nilijaribu jana. Niliandika, samahani, boti bado. Akalia. Moyo mmoja ukadondoka, na muziki ukabadilika. Nikaurudisha.

— Uliurudisha uongo?

— Nilirudisha boti.

— Kwa ajili ya katuni.

— Sabuni, ananiuliza siku yangu ilikuwaje. Wewe umeniuliza lini?

— Kila siku unapita hapa unanieleza habari za boti, nikuulize saa ngapi?

Greda alicheka peke yake. Sabuni hakucheka. Alikuwa amekumbuka kitu.

— Na kiti cha mama yako?

Kapteni alijifanya anasoma kioo.

— Kile cha umeme, kinachomnyanyua mtu. Si ulisema hela ya kurudishiwa mwaka huu ni ya kiti? Ulimpeleka mpaka dukani akakijaribu.

— Alikijaribu.

— Na akakipenda.

— Alikaa nusu saa. Walitufukuza.

— Basi mtaje mama kwenye fomu. Wanaomtunza mzazi nyumbani wanapunguziwa kodi, mimi mwenyewe nilipunguziwa kwa baba. Boti inakupandisha, mama anakushusha, pengine mtakutana katikati.

Kapteni alifunga kompyuta nusu, kana kwamba hakutaka Juniper asikie.

— Aliniuliza naishi na nani, alisema. Siku ile ile ya aiskrimu. Nina miaka hamsini na mmoja, Sabuni.

— Ukasemaje?

— Nikasema naishi peke yangu.

Mashine moja ndani ya duka ilimaliza kuzunguka, ikalia. Sabuni hakwenda kuitazama.

— Umemkana mama, Jaji alisema, na safari hii hakutaja sheria yoyote.

— Sikumkana. Sikumtaja.

— Haraka haraka haina baraka, Greda alisema. Muda bado upo mpaka saa sita usiku. Kunywa kahawa kwanza.

Alitikisa chupa ya kahawa. Ilitoa kikombe kimoja, chenye machicha, na alikuwa anakisogeza kwa Kapteni tulipomwona Mama Bernadine, mamake Kapteni, akivuka barabara na kigari chake cha kujishikiza akitembea, kile chenye mipira ya tenisi miguuni. Magari mawili yalisimama kumngoja. Hakujiharakisha.

— Duane. Supu imepoa.

— Nakuja, mama.

— Kaa, Mama Bernadine, Greda alisema, akinyanyuka.

— Nikikaa hapo, mtaninyanyua wangapi?

Tulilitazama benchi. Lilikuwa chini kweli. Greda alibaki amesimama, kwa sababu hakuona namna ya kukaa tena.

Kapteni alitaka kufunga kompyuta, lakini mama yake alikuwa ameshavaa miwani.

— Huyu ndiye anayekufanyia hesabu?

— Ndiyo.

— Anaonekana ana adabu. Amekuuliza kuhusu nyumbani?

— Ameuliza.

— Umemwambia unaishi na nani?

Jaji alitazama ndani ya kikombe chake kitupu. Sabuni alikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Kapteni akaifungua kompyuta yote na kurudi nyuma kwenye mchezo: shamba la maboga, uwanja wa besiboli, mpaka duka la aiskrimu, ambako Juniper alikuwa bado anangoja jibu, kijiko mkononi. Alianza kuandika kwa kidole kimoja.

— Usiandike “mama” tu, mama yake alisema. Nina jina.

Akaandika Bernadine Wisniewski. Sote tulikuwa tumeinama juu yake sasa, tukitazama mioyo. Hakuna uliodondoka. Juniper alitabasamu, akakunja mikono, na maneno yakajitokeza chini yake. Mama Bernadine aliyasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma tangazo la kanisa.

— “Jambo zuri sana. Na mama naye hupenda kupanda boti yako?”

Alivua miwani. Alimtazama mwanawe, kisha Jaji, kisha Greda.

— Boti gani?

Upande wa pili wa barabara taa ikabadilika, magari yakapita. Greda aliinua chupa ya kahawa, akaitikisa, akairudisha chini.

Kapteni alikunywa kile kikombe chenye machicha mpaka mwisho. Kisha akainamia kompyuta na kuanza kuizamisha boti yake, herufi moja moja, huku muziki ukibadilika, na mama yake akiwa amesimama nyuma yake, mikono juu ya kigari, akingoja.