Bi Doa, Mpika Kahawa wa Stesheni

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi seremala na mshonaji wa nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Mvua ilikuwa imefunga barabara, mkunga hakufika, na aliyempokea duniani ni shangazi yake. Kwa kuwa kitanda cha mtoto kilikuwa bado mbao tupu, alilazwa kwenye droo ya kabati la mteja. Mteja alipokuja kuchukua kabati lake, baba mtu alimwambia, "Ndugu yangu, droo moja ina mwenyewe. Rudi wiki ijayo."

Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, akaingia sekondari mwaka 1973. Alikuwa na kumbukumbu kali. Alichosikia mara moja kilibaki. Lakini mama yake alipoanza kusumbuliwa na mgongo, nyumba ilihitaji mtu wa kuishika, na macho ya wazazi yakamwangukia yeye, si kaka yake. Aliacha shule akiwa kidato cha tatu. Hakulalamika mbele za watu. Dada yake mdogo ndiye anayekumbuka kwamba aliikunja sare yake ya shule, akaifungia sandukuni, na kwa miaka mingi mtu akiigusa apate kitambaa cha kufutia vumbi, alifoka mpaka majirani wakasikia.

Mwaka 1977 mama alipopata nafuu, marehemu aliajiriwa kuosha vikombe katika mkahawa wa stesheni ya reli. Mwenye mkahawa alikuwa mzee wa Kitaliano, mfupi, mwenye sauti ya tarumbeta. Mashine yake ya kahawa ilikuwa ya shaba, yenye mpini mrefu wa kuvuta, na hakuna mfanyakazi aliyethubutu hata kuiegemea. Siku moja mvuke ulimbabua mzee mkono huku kaunta imejaa abiria. Mzee akageuka, akamwona msichana wa vikombe.

"Wewe! Njoo uvute. Polepole! Hiyo si kamba ya ng'ombe!"

Akavuta. Kahawa ikashuka nyembamba kama mkia wa panya, imevaa povu la hudhurungi juu yake. Mzee akaionja, akanyamaza, akamsukumia kikombe kingine. Kwa mzee yule, kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu.

Hapo ndipo alipoanza kuuelewa ule ubao wa orodha ya vinywaji uliokuwa ukutani, uliowatoa jasho abiria wengi. Mzee alimfundisha kwamba vinywaji vyote vile ni watoto wa mama mmoja, naye ni espreso: kahawa iliyosagwa laini, maji ya moto yanayosukumwa kwa nguvu, kikombe kidogo, basi. Maji ukiyakatisha mapema, hiyo ni ristreto, yaani iliyobanwa. Ukiyaacha yaendelee kidogo, ni lungo, yaani ndefu. Ukiidondoshea povu la maziwa kidogo tu, ni makiato, yaani yenye doa. Ukiiongezea maziwa ya moto na povu zito, umepata kapuchino, na hiyo, mzee alisisitiza, ni ya asubuhi.

Neno "doa" ndilo lililomponza. Kila aliyeuliza makiato ni kitu gani alijibiwa, "Ni espreso yenye doa." Muda si mrefu wazoefu wa stesheni wakaacha kuhangaika na Kitaliano. "Dada, nipe doa." "Nipe doa mbili, treni inaondoka." Mwishowe jina likahama kikombeni, likamkalia mwenyewe.

Wasiojua kuagiza walikuwa wengi, na marehemu hakuwacheka. Aliwahi kusimulia habari za abiria mmoja mwenye mizigo, aliyeagiza espreso kwa sababu ilikuwa ya kwanza ubaoni. Alipowekewa kikombe alikiinamia kama anayechungulia kisima.

"Dada, hii mbona kama dawa ya mtoto? Iliyobaki iko wapi?"

"Imeishia hapo, baba. Hiyo ni ya kunywa umesimama, uende zako. Ukitaka ya kukaa nayo, nikutengenezee kapuchino."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Swali hilo lilimkaa moyoni. Tangu siku hiyo hakungoja mtu ahangaike na ubao, alimuuliza kwanza. Umekula? Una haraka? Uchungu unauweza? Mwenye njaa alipata ya maziwa. Mwenye treni jukwaani alipata espreso. Aliyeogopa uchungu lakini hakutaka maziwa mengi alipata doa. Na aliyeagiza kapuchino baada ya chakula cha mchana alitengenezewa vizuri tu, ila aliambiwa, "Huko kwao Wataliano, hii saa hizi ni kama kuvaa koti la mvua juani. Hukamatwi, lakini utatazamwa."

Kazi ile ilimchosha, tusipambe. Alifungua mkahawa kabla ya treni ya kwanza na alisimama kutwa. Aliomba kigoda, mzee akasema mpika kahawa hakai. Mzee alipofariki mwaka 1994, aliomba tena kwa warithi, nao wakamwambia watalifikiria. Bado wanalifikiria.

Mume wake alimpata hapo hapo kaunta. Alikuwa fundi breki wa mabehewa, kijana mpole, mwenye grisi hadi kwenye masikio. Aliingia mara ya kwanza na marafiki zake, akataka kuonekana mjuzi. "Late moja," alisema, akiwa amesikia kwamba hiyo ni kahawa laini. Mzee wa Kitaliano alikuwa amesimama pale pale, na kwa Kitaliano chake late ni maziwa tu. Anayetaka kahawa aitaje kahawa. Marehemu akaweka mbele ya fundi glasi ya maziwa ya moto, meupe pe. Marafiki wakaangua kicheko. Fundi akainywa yote, akashukuru, akaondoka. Kesho yake akarudi, akaagiza ile ile kwa kuona haya kukiri. Kesho kutwa vivyo hivyo. Kumbe maziwa na tumbo lake ni maadui wa tangu utoto, na kila alipotoka hapo alikuwa akikimbia. Marehemu alikuja kuambiwa na rafiki mmoja wa fundi. Siku iliyofuata fundi alipofungua tu kinywa, alimwekea espreso.

"Sikuagiza hii."

"Najua. Kwani tukuzike kwa sababu ya aibu?"

Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981. Mama mkwe hakuwa ametulia. Alimvuta pembeni dada wa bibi harusi, akamnong'oneza, "Mwanangu, nasikia kazini wanamwita Doa. Nieleze mapema, ni doa gani?" Ilibidi aletewe kikombe. Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa Agosti 1984. Wa pili hakukaa, na baada yake hakuja mwingine. Marehemu hakupenda izungumzwe, nasi tunaiacha hapo.

Mwaka 2009 mashine ya shaba iling'olewa, ikaletwa ya vitufe. Marehemu akawa anabonyeza. Late nayo ilikuwa imekwisha kuwa kahawa ya maziwa kwa kila mtu, naye hakugombana na wakati, aliuliza tu, "Ya kahawa au ya ng'ombe?" na watu walicheka. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba mkono wake wa kulia bado unaamka asubuhi ukitafuta mpini. Alistaafu mwaka 2015, akasema sasa atakaa. Mwezi haukupita, mama mkwe, yule yule wa swali la doa, akaanguka bafuni, akaletwa kwao. Akamwogesha, akamlisha, akamgeuza, hadi alipomzika. Dada yake alipomwambia, "Wewe nawe pumzika," alijibu, "Nitapumzika wapi, na wewe umekalia kiti?"

Tarehe 18 Juni 2021 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakamtoroka. Kumbukumbu ilikuwepo, alitambua kila aliyeingia. Ila alipotaka kusema, kilichotoka ni maneno ya kaunta. Alitaka shuka, akasema kapuchino. Alitaka dirisha lifungwe, akasema ristreto, na kesho yake dirisha hilo hilo likawa makiato. Alisikia mwenyewe kwamba amekosea, akafumba macho kwa hasira.

Binti yake, ambaye ni mwalimu, alihamia nyumbani likizo ilipoanza, akakaa naye kitandani akimfundisha upya.

"Mama, sema maji. Ma-ji."

"Lungo."

"Siyo lungo, mama. Maji."

"Lungo," alisema marehemu, machozi yakimlengalenga.

Mume akapita na glasi ya maji, akamnywesha. Binti akamfuata jikoni. "Baba, ukimpa hivyo hatajifunza. Hajui anachosema."

"Anajua," alisema mzee. "Maneno ndiyo hayajui."

Waliishi hivyo, mzee akibahatisha, binti akisahihisha, na wote watatu wakichoka. Kuna siku mzee alileta shuka, sahani, redio na mto kabla ya kupatia kwamba mkewe alitaka tu akae.

Januari mwaka 2023 kiharusi kilirudi. Alilazwa, akatolewa, na daktari akasema arudishwe wodini wajaribu upasuaji, ingawa hakuahidi chochote. Hapo baba na binti waligongana. Mzee alisema mwili wa mkewe umetumika vya kutosha. Binti alisema, "Baba, unamkatia tamaa ukiita huruma." Neno hilo lilimchoma mzee, akatoka nje. Binti akafungasha mkoba: magauni, taulo, sweta, sabuni. Akauweka kwenye kiti kando ya kitanda, apate kwenda kutafuta gari.

Aliporudi alimkuta mama yake ameufungua. Kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, alikuwa akitoa nguo moja moja na kuziweka mapajani. Binti akazirudisha. Marehemu akazitoa tena. Alipofika kwenye gauni la mwisho alilinyoosha kuelekea kabatini, akamtazama mwanawe machoni.

"Mama, hutaki kwenda?"

Marehemu akatikisa kichwa, hataki.

"Hata kama ukibaki hapa..."

Marehemu aliinua mkono, akamfuta uso, kisha akampa lile gauni. Binti akalipokea. Akalitundika kabatini, akafuatisha mengine, akafunga mlango wa kabati. Ndipo akatoka uani alikokuwa baba yake, akamwambia, "Amekataa mwenyewe. Nisamehe, baba." Mzee akasogea kwenye benchi, akampisha akae.

Siku zilizobaki zilikuwa za utulivu. Binti hakumfundisha tena kutamka; alilala kando yake, na marehemu akiongea kwa maneno yake yale, aliitikia, "Ndiyo, mama."

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2023 kulikuwa na baridi. Mzee alimkalisha mkewe kitandani, akamvika sweta, akaanza kumfunga vifungo kuanzia chini. Marehemu akamwegemea begani, akashusha pumzi, asivute nyingine. Mzee hakuacha. Binti aliingia na chai, akaona, akaweka kikombe chini, akamshika baba yake mkono.

"Baba, ameshaenda."

"Najua, mwanangu. Niache nimalizie vifungo, asipate baridi."

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na mkwe wake, wajukuu watatu, kaka, dada mdogo, na wote waliofanya naye kazi stesheni, ambao wameketi hapa mbele yetu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na majirani waliopokezana kukesha.

Bi Doa, kazi imekwisha. Amani ikufunike, na ulale mtu asikuamshe.