Mama Sumaku na Utando Juu ya Tone

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, nimesimama mimi mdogo wake, kwa niaba ya familia, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sumaku.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha metali, akaanza shule mwaka 1964, na alipokuwa darasa la sita baba alirudishwa nyumbani na bandeji kutoka kiwiko hadi vidoleni, maana metali ya moto ilimrukia wakati wa kumimina, naye dada akamlisha kwa kijiko miezi miwili, na tangu hapo hakuwa na swali jingine ila metali ile ingetulizwaje.

Alihitimu ufundi wa maabara mwaka 1979, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa chuo kikuu, kazi yake ikiwa kudondosha matone ya metali laini, ile inayoyeyuka kiganjani, katikati ya sumaku mbili na kupima mwendo wake, kwani tone likipita hapo umeme huzaliwa ndani yake, nao hulivuta nyuma, likashuka taratibu kana kwamba limetumbukia kwenye asali, na hakuna kinachoonekana kuligusa.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983 na fundi saa, aliyekuja maabara kutengeneza saa ya kupimia, kisha akarudi mara tatu saa ikiwa nzima, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1988 profesa wake alikuwa tayari kukikabidhi kiwanda alichofanyia kazi baba vipimo vya sumaku za kutuliza metali, dada akaingia ofisini akasema, "Profesa, matone yetu yana utando kama wa maziwa yaliyopoa, nao ndio unaoyachelewesha, si sumaku peke yake."

"Wewe kazi yako kuosha vyombo," akajibiwa.

Akaenda akaosha vyombo kweli, akayaosha na matone mpaka utando ukatoka, akapima upya mara mia mbili, na nguvu ya sumaku ikatoka nusu ya waliyodhani, akaweka karatasi mezani, akaondoka. Wiki ya nne profesa akamfuata mwenyewe, akasema, "Ungeninyamazia, tungeunguza watu."

Zikaagizwa sumaku zenye nguvu zaidi, na tarehe 9 Mei 1990 baba alialikwa kutazama, akaiona metali ikiingia kwenye kalibu ya kuipa umbo bila kuruka, akamshika dada mkono mpaka nje ya geti.

Alistaafu mwaka 2017, akaanza kuugua figo Septemba 2022, na akatutoka tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, shemeji akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, na wenzake wa maabara ambao hawakukosa Jumapili hata moja.

Mwisho, kwenye karatasi hii iliandikwa kwamba marehemu ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu watano, lakini jana shemeji aliichukua, akafuta neno "ameacha", akaandika jingine, akanirudishia, nami nasoma kama alivyoandika: marehemu ana mume, mabinti wawili na wajukuu watano. Pumzika, dada, kwa amani yote.