Punda Aliyefundishwa Kutembea

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa magari wa kituo chetu cha maji atakabidhi funguo za karakana na kwenda nyumbani. Nusu ya wafanyakazi hawalijui jina lake la kweli; sote tunamwita Fundi Taratibu. Kamati ya sherehe imempa mtunza stoo kazi ya kuandika wasifu wake huu, naye amekubali kwa sharti moja tu: asikatwe maneno. Amegombana na fundi huyu kuhusu grisi na matambara karibu kila asubuhi tangu aajiriwe, na mtu unayegombana naye kila asubuhi unamjua vizuri kuliko ndugu yako.

Fundi aliingia hapa akiwa kijana wa kuosha injini. Akapanda: msaidizi wa fundi, fundi, dereva wa akiba, na hatimaye mkuu wa karakana. Jina la Taratibu alilipata getini. Kila gari likitoka, husimama pale na kushusha kiganja hewani mara mbili, akimwambia dereva aende pole. Madereva wapya hucheka, wale wa zamani hupunguza mwendo. Pampu ya bondeni ilipogoma wakati wa ukame, ni yeye aliyechonga kipuri kutoka chuma chakavu, na mji mzima ukapata maji. Hakutaka kupongezwa. Alichotaka ni sabuni ya kunawia, na mtunza stoo alimnyima kwa kuwa mgao wake wa mwezi ulikuwa umekwisha.

Lakini huwezi kumsimulia Fundi Taratibu bila kumsimulia Punda. Punda ni ile pikapu kubwa ya kijivu ya kubebea mabomba, iliyotufikia ikiwa tayari imezeeka. Springi zake za nyuma ni vyuma vipana vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vizito kama vya lori. Ukimpakia mabomba hadi juu, Punda hutulia kama bwana harusi. Akiwa mtupu, lo! Kila jiwe anakurusha, kila shimo anakugonga kichwa darini. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na yule mhasibu aliyeomba lifti siku moja akashuka ameshika kiuno anaweza kuthibitisha.

Tungeendelea kucheka hivyo hivyo kama mke wa fundi asingeugua. Alikuwa mshonaji, mtu wa maneno machache, na mtunza stoo alimwita wifi. Figo zilipoharibika ikabidi apelekwe hospitali kila wiki, tena na tena, kusafishwa damu. Nyumba yao iko mwisho wa barabara ya mawe, ambako teksi hazipendi kufika. Meneja wa wakati ule, Mungu amjalie, akasema Punda atumike. Fundi akawa anaendesha mwenyewe, mkewe kando yake kwenye kiti cha abiria. Kila wakifika humwuliza safari ilikuwaje, na kila mara mama yule hujibu kuwa ilikuwa nzuri.

Muuguzi mmoja ndiye aliyemfungua fundi macho. Alimvuta kando akamwambia kwamba mama akishaingia ndani huomba kwanza akae peke yake, hulia kidogo, kisha husema yuko tayari. Siku ile fundi alirudi moja kwa moja karakana. Alilala chini ya Punda mpaka saa ya kufunga, akizitazama zile springi.

Hapo ikaanza kazi ambayo haikuwa kwenye ratiba yoyote. Jaribio la kwanza alipunguza upepo wa tairi, na Punda akawa anayumba kama mlevi. Mhasibu yule yule, kwa sababu hakomi, akatapika dirishani. Jaribio la pili alitoa vyuma vitatu vya springi kwa mpigo. Kesho yake tukampakia mabomba, matako ya Punda yakakaa juu ya tairi na taa za mbele zikaelekea mbinguni. Meneja alitoka ofisini, akatazama, akarudi ndani. Fundi akarudisha chuma kimoja, akabaki ametoa viwili. Akabadilisha shokapu, akaweka bushi mpya za mpira, akapaka grisi katikati ya vyuma ili viteleze badala ya kugombana. Ndiyo, ile grisi. Mwishowe akaweka mifuko ya mchanga nyuma, kwa sababu Punda mwenye mzigo hapigi mateke.

Kipimo chake kilikuwa trei ya mayai. Aliiweka kwenye kiti cha abiria, akaenda mpaka hospitali na kurudi, na yaliyopasuka yakakaangwa karakana kwa ajili yetu sote. Basi tukawa tunaijua hali ya springi kwa matumbo yetu. Miezi ya mwanzo tulinenepa. Baadaye sahani ikaanza kupungua, na fundi wa mabomba akalalamika waziwazi kwamba gari likizidi kupona yeye atakufa njaa. Siku trei iliporudi nzima, Fundi Taratibu aliibeba juu kwa mikono miwili, akazunguka nayo ua mzima, na sisi wenye njaa tukampigia makofi.

Wiki ile ile mtunza stoo alikuwa na shughuli hospitali, akapanda na fundi na mkewe, akibanwa katikati. Kwenye kona ya machimbo, pale penye mawe mabaya kuliko yote, kichwa cha wifi kilimwegemea mtunza stoo begani. Alikuwa amelala. Fundi aliona, akageuza uso haraka kutazama barabara, na machozi yakamtoka akiwa bado anaendesha. Wifi alilala mpaka geti la hospitali.

Wifi alisafiri hivyo mwaka mmoja na ushei. Kisha akatutoka, Mungu amrehemu.

Tangu hapo fundi amefanya kazi kama kawaida, na hiyo kawaida ndiyo iliyotuumiza. Viraka vya ovaroli yake sasa anashona mwenyewe, vimekaa upande. Chakula cha mchana anakula ndani ya Punda, upande wa usukani, mlango umefungwa. Ukimkaribisha mezani anakushukuru sana na haji. Jioni hukawia kuondoka, atatafuta nati ya kukaza hata kama imekazwa, kwa sababu nyumbani hakuna anayemsubiri, na watoto hawakujaliwa. Kila mwezi aliendelea kumpaka Punda grisi. Hakuna aliyemwuliza anamlainishia nani, wala mtunza stoo hakumnyima tena.

Mwezi uliopita ikaja amri: Punda anahamishiwa kituo kingine kubeba mabomba ya chuma, hivyo springi zake zirudishwe kama zilivyokuwa. Tulikasirika. Fundi wa mabomba alitaka twende kwa meneja sote. Fundi Taratibu akatutuliza, akasema gari ni la kazi, na mwenye kazi amelitaka. Akaja stoo kuchukua vile vyuma viwili. Vilikuwa rafu ya chini kabisa, ndani ya gunia lenye mafuta, na vimemvunja mtunza stoo kucha za vidole vya mguu miaka yote hii. Havikuwa na hata chembe ya kutu. Alivifunga mwenyewe, akashusha na mifuko ya mchanga.

Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Alimkabidhi mtunza stoo funguo, kwa kuwa ni yeye fundi aliyemfundisha kuendesha, akazunguka, akafungua mlango wa pili, akakaa kwenye kiti cha abiria. Akaomba wapitie barabara ya hospitali, na wasipunguze mwendo kuliko alivyokuwa akienda yeye.

Jamani, Punda hakuwa amesahau. Alipiga mateke kuanzia getini. Fundi alishika mpini wa mlango, mkono mwingine kiunoni, na kila shimo lilimtoa pumzi. Kwenye kona ya machimbo mtunza stoo alitaka kusimama, fundi akakataza kwa kichwa. Walipofika hospitali aliuachia mpini wa mlango. Kisha akasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwamba alimwendesha mkewe hivi miezi mingi, na kila siku aliambiwa safari ilikuwa nzuri. Akafunika uso kwa ile leso yake ya kufutia mikono, akalia kama mtoto, na uso wote ukawa mweusi kwa oili.

Mtunza stoo si mtu wa maneno matamu, kila mtu anajua. Alimwambia alichokiona kwa macho yake: kwamba mwenye maumivu hasinzii kwenye mawe ya machimbo, na yule mama alilala fofofo begani kwake, akikoroma kidogo. Habari ya kukoroma fundi hakuwa nayo. Alicheka huku bado analia, akasema ndiye hasa, alikuwa akikoroma na akikataa. Waliporudi alishuka taratibu, akampigapiga Punda bodi, akaenda kunawa. Safari hii sabuni ilitolewa bila kuulizwa.

Sasa anaondoka. Kwa niaba ya wote waliobebwa salama na magari uliyoyatengeneza, Fundi, asante. Mji huu umekunywa maji kwa jasho lako na haujui. Tunakuombea afya njema na usingizi mzuri.

Tunajua pia unakokwenda: nyumba yenye viti viwili, kimoja kikiwa hakikaliwi. Ulitufundisha mwenyewe kuwa gari tupu ndilo linalopiga mateke, na dawa yake si kusubiri barabara itengenezwe, ni kupakia mzigo. Basi Jumapili tunakuja kukupakia. Mhasibu anakuja, fundi wa mabomba anakuja, na mtunza stoo anakuja na grisi ya bawaba za mlango wako, maana amesikia zinalia. Tutaletwa na Punda, ambaye ana siku chache za mwisho hapa kabla ya kuhama, na trei ya mayai tutaiweka kwenye kiti cha abiria. Andaa kikaango, kikubwa.